Mjusi wa rangi ya limau ni programu yenye hitilafu, msiuziwe

Kwanza tuelewane. Mountain View ninayoandikia si ile ya California yenye ofisi za Google. Ni hii yetu ya Nairobi, kando ya Waiyaki Way ukishapita Kangemi ukielekea Uthiru. Kila mara nikiandika anwani yangu kwenye fomu za wateja wa ng'ambo, huwa wanadhani nimetajirika. Haya, sasa tuendelee.

Leo siandiki kuhusu seva wala lugha za programu. Naandika kuhusu mijusi. Msicheke, maana mambo haya yamekaribiana kuliko mnavyodhani, na nina hasira nayo kiasi.

Iko aina ya mjusi ambayo huku kwetu tunaweza kuiita mjusi-chui. Kwa jina la kisayansi ni Eublepharis macularius. Kwao ni Pakistan, Afghanistan, kaskazini-magharibi mwa India na sehemu za Iran, kwenye nchi kavu yenye mawe. Ana mwili wa manjano wenye madoa meusi, mkia mnene anaowekea mafuta kama ngamia anavyoweka nunduni, na kinyume na mjusi kafiri wa ukutani kwako, ana kope. Anafumba macho! Hapandi kioo wala dari, kwa sababu vidole vyake havina zile pedi za kunata. Ni mpole, hutoka jioni, hula wadudu, na akitunzwa vizuri hufika miaka 15 hadi 20 na wengine hupita hapo. Kwa sifa hizo Wamarekani na Wazungu wamemfuga kwa miongo kadhaa, na leo ni miongoni mwa mijusi wanaofugwa zaidi majumbani duniani.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanzia kwenye rangi.

Kwa kuwa wamezaliana kizuizini vizazi vingi, kumezuka mabadiliko ya jeni yanayobadilisha rangi na madoa. Wafugaji huziita mofu. Wapo weupe, wapo wa machungwa, wapo wasio na madoa kabisa, wapo wenye macho mekundu au meusi tititi. Kila mofu ina jina lake na bei yake, na majina yenyewe ukiyasoma utadhani unasoma matoleo ya Linux: Mack Snow, Super Snow, Raptor, Enigma, Lemon Frost. Mofu mpya ikizuka leo, dume moja lenye rangi hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Miaka michache baadaye bei yake huwa imeshuka sana, kwa sababu kila aliyenunua alinunua ili azalishe auze.

Sasa kwa mtu wa kompyuta jambo hili lina utamu wake, na siwezi kujifanya siuoni. Ni hesabu tupu. Mack Snow, kwa mfano: mjusi mwenye nakala moja ya jeni hiyo huonekana hivi, mwenye nakala mbili huonekana vile na huitwa Super Snow. Ukizalisha Mack Snow wawili, kwa wastani robo ya watoto watakuwa wa kawaida, nusu Mack Snow, robo Super Snow. Albino nao ni jeni fichu, lazima nakala zote mbili ziwepo ndipo rangi ionekane. Na hapo pana kichekesho ambacho mwanaprogramu yeyote atakipenda: albino wa mjusi-chui wako wa nasaba tatu, Tremper, Bell na Rainwater, na hazipatani. Ukimpandisha Tremper kwa Bell, wazazi wote wawili ni albino, watoto wote wanatoka wa kawaida! Ni kama maktaba tatu za msimbo zilizotumia jina moja la kazi, kila moja ikiita kitu kingine. Wafugaji wasio makini walichanganya nasaba hizo na leo wako mijusi wengi ambao hakuna anayejua kwa hakika wamebeba nini. Mnaojua shida ya kurithi mradi usio na kumbukumbu mtanielewa.

Jinsia nayo haiamuliwi na kromosomu. Inaamuliwa na joto la yai. Mayai yakikaa kwenye nyuzi 26 hivi, wanaototolewa huwa karibu wote majike. Ukipandisha hadi 32 na nusu, wengi huwa madume. Ukizidi hadi 34, majike wanarudi tena. Mfugaji anazungusha kitufe cha thamostati na kuchagua. Nani kati yetu hatapenda mnyama mwenye faili la mipangilio?

Ndiyo maana kuna programu za kikokotoo cha mofu. Unachagua baba, unachagua mama, unabofya, unapata asilimia. Na hapa ndipo nilipoingia mimi.

Mwaka jana nilipata kazi kupitia mtandao kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Ulaya anayeuza mijusi hawa. Jina lake naliacha mfukoni. Alitaka duka la mtandaoni, na ndani yake kikokotoo. Kazi ndogo, malipo mazuri. Nikajenga jedwali: safu ya kwanza jina la mofu, ya pili namna inavyorithiwa, ya tatu picha. Nilipokuwa nikisoma ili nijaze safu ya pili, nikakuta mambo yaliyonifanya niongeze safu ya nne bila kuombwa. Nikaiita "hitilafu inayojulikana". Yeyote anayeuza programu huwa na orodha ya hitilafu zinazojulikana, hata kama ameificha chini kabisa ya ukurasa. Nikadhani atafurahi.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. Ondoa safu hiyo, inatisha wanunuzi. Nikamwandikia kwamba yaliyomo ni kweli. Akajibu kwamba hajakataa kuwa ni kweli, amesema inatisha wanunuzi. Tukaachana hapo, na nusu ya pili ya pesa yangu sijaiona hadi leo.

Pesa nimeisamehe, wanaofanya vibarua vya mtandaoni wanajua kwamba hiyo ni kodi ya kazi. Ila hoja yake sijaisamehe, na ndiyo ninayoishambulia hapa. Kwa hiyo nitawaeleza kilichokuwa ndani ya safu ya nne.

Enigma. Mofu hii ilizuka miaka ya 2000. Ina mabaka ya kuvutia, kila mjusi na mchoro wake, na jeni yake ni tawala, yaani nakala moja inatosha. Wafugaji walirukia. Kisha ikaonekana kwamba mijusi hawa wana tatizo la mishipa ya fahamu. Wengine huzunguka palepale kama mbwa anayefukuza mkia. Wengine huinua kichwa na kutazama juu wasikitazame chochote. Wengine humrukia mdudu wakamkosa, wakamrukia tena wakamkosa tena. Wengine hupinduka chali. Si wote wanaougua kwa kiwango kimoja, na wapo ambao utawatazama mwezi mzima usione kitu mpaka siku watakapohamishwa au kushtuliwa. Lakini hali hiyo imeambatana na rangi yenyewe. Wafugaji wenyewe wameipa jina, wanaiita ugonjwa wa Enigma. Halafu wakaendelea kuuza.

Fikirini juu ya hilo. Una hitilafu, umeipa jina, unajua iko kwenye faili gani, na badala ya kuondoa faili unaongeza bei.

Lemon Frost ni mbaya zaidi, na bahati nzuri imechunguzwa na wanasayansi, kwa hiyo hakuna wa kuniambia kwamba natunga. Rangi yake kweli ni nzuri, weupe wa theluji chini ya manjano ya limau, hata macho yanang'aa. Mfugaji mmoja wa Marekani, Steve Sykes, alikuwa na dume maarufu la mofu hii lililoitwa Mr. Frosty. Baadaye vikaanza kuonekana vivimbe vyeupe kwenye ngozi za mijusi wa ukoo huo. Sykes, na hapa nampa heshima yake, alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akawapa sampuli. Utafiti ulichapishwa mwaka 2021 katika jarida la PLOS Genetics, ukiongozwa na Longhua Guo na Leonid Kruglyak. Walichokuta ni kwamba rangi na uvimbe vimetoka sehemu moja ya jenomu, na jeni inayoshukiwa inaitwa SPINT1. Seli zinazotengeneza fuwele za kuakisi mwanga, ambazo ndizo zinazompa mjusi weupe, zinazaliana kupita kiasi. Zaidi ya asilimia 80 ya mijusi wa Lemon Frost hupata uvimbe.

Soma tena namba hiyo. Asilimia 80!

Na uelewe maana ya kusema vimetoka sehemu moja. Wauzaji walikuwa wakisema kwamba tatizo ni ndugu kupandishwa na ndugu, kwamba ukichanganya damu mpya vizazi vitatu vinne uvimbe utaisha. Ni ile lugha yetu ya "itarekebishwa kwenye toleo lijalo". Haitarekebishwa. Weupe unaoulipia ni seli zilezile zinazozidi. Huwezi kutoa kiraka kinachoondoa hitilafu na kubakiza kipengele, wakati hitilafu ndiyo kipengele.

Nje ya mijusi kisa hiki kina ndugu zake. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayekusanywa Ghana, Togo na Benin na kusafirishwa kwa maelfu, ana mofu inayoitwa Spider. Michoro yake kama utando wa buibui. Kichwa chake hutikisika, na akikasirika au akiwinda hujipinda kama kizibuo. Mwaka 2022 watafiti walipiga picha za sikio lake la ndani na kukuta limeumbika vibaya. Nyoka asiyejua upande upi ni juu, ameuzwa kwa zaidi ya miaka 20 kwa sababu anapendeza kwenye picha.

Kwa haki niseme kwamba si kila mofu ina shida. Wale wa machungwa, kwa mfano, walipatikana kwa kuchagua polepole wazazi wenye rangi nzuri kizazi baada ya kizazi, na sijaona ushahidi kwamba rangi hiyo inawaumiza. Mack Snow pia sina neno naye. Albino macho yake hayapendi mwanga mkali, lakini ukiweka taa hafifu na mapango ya kujificha anaishi. Mimi si wale wanaotaka kila mnyama aachiliwe porini. Ninachosema ni kwamba anayeuza aandike. Na zile mbili, Enigma na Lemon Frost, zisizalishwe tena, basi.

Sasa majibu ninayopewa.

La kwanza, ati mbwa je? Mbona kuna mbwa wenye pua zilizobonyea wasioweza kupumua na hakuna anayelia? Ndugu yangu, kuwa na duka lingine linalouza maziwa yaliyochacha si hoja ya kuchachua ya kwako. Na mbwa walifikishwa hapo kwa muda mrefu na watu ambao hawakujua jeni ni nini. Huyu wa mjusi ana kikokotoo mkononi.

La pili lina uzito na nitalipa nafasi. Wanasema mofu za kuzalishwa nyumbani zimewaokoa mijusi wa porini. Mtu anayenunua mjusi aliyezaliwa kwenye sanduku la plastiki hahitaji aliyekamatwa jangwani. Kweli. Na sisi Afrika Mashariki tuna mfano unaotisha wa upande wa pili. Huko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kuna msitu mdogo unaoitwa Kimboza. Ndani yake anaishi mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, dume lake lina buluu kama skrini ya Windows ikigoma. Hukaa kwenye miti jamii ya mkadi, kati ya majani. Duniani kote makazi yake ni misitu michache midogo ya eneo hilo hilo. Basi soko la ng'ambo likampenda. Kundi moja tu la wakamataji lilikadiriwa kuchukua mijusi wasiopungua 32,310 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, sawa na kama asilimia 15 ya wote waliokuwa porini wakati huo. Na mara nyingi waliwapata kwa kuukata mti wenyewe! Mwaka 2012 akaorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka, mwaka 2016 Tanzania ikafunga usafirishaji wa wanyamapori hai, na mkutano wa CITES wa Johannesburg mwaka huohuo ukamweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya mnyama wa porini hairuhusiwi.

Kwa hiyo ndiyo, afadhali mjusi wa sandukuni kuliko mti uliokatwa Kimboza. Lakini angalieni hoja imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya kuzalisha nyumbani. Haisemi lolote kuhusu rangi. Mjusi-chui wa kawaida mwenye madoa yake ya asili, aliyezaliwa nyumbani, anaokoa wa porini sawasawa na Lemon Frost, na hana uvimbe. Mfanyabiashara anachukua sifa ya jambo moja na kuipaka jambo lingine. Tena hamu hiyohiyo ya rangi kali ndiyo iliyopeleka watu Kimboza.

La tatu ni uchumi. Ati vijana wa Nairobi wanaweza kujipatia riziki. Enyi watu wa Kenya, mmesahau kware? Miaka ya 2013 na 2014 nchi nzima ilikuwa inafuga kware. Kila kona kulikuwa na semina ya kware, yai la kware lilitibu kila kitu, trei ziliuzwa kwa bei ya dhahabu, na wengine walichukua mikopo kununua mashine za kutotolesha. Waliopata pesa ni waliotangulia, waliouza vifaranga kwa waliofuata. Walipoisha wa kufuata, mayai yakaozea stoo. Hata kware mwenyewe alihitaji kibali cha KWS, jambo ambalo wengi walilijua wakiwa wameshajenga vibanda. Bei ya mofu inafanya kazi kwa mtindo uleule. Mnunuzi wa leo ndiye mshindani wa kesho, kwa sababu bidhaa inataga mayai.

Na hapo tumefika kwenye sheria. Kuna kijana jirani yangu hapa mtaani, anafanya kazi ya kubuni tovuti, aliniuliza kama anaweza kuletewa wawili kwenye mzigo wa rafiki anayerudi kutoka Ulaya. Nikamwambia aulize KWS kwanza. Akacheka: "Bosi, kwani mjusi ni ndovu?"

Mimi si wakili, lakini Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeandikwa kwa lugha inayosomeka. Inasema hakuna kuingiza wala kutoa nchini spishi ya wanyamapori bila kibali cha KWS. Na tafsiri ya wanyamapori humo haiishii kwa wanyama wa asili ya Kenya, inagusa pia spishi zilizoingizwa. Kwa anayedhani serikali haina muda na vitu vidogo, akumbuke Mei 2025. Katika mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA, vijana wawili wa Ubelgiji, mtu mmoja kutoka Vietnam na Mkenya mmoja walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au jela miezi 12. Kosa lao? Sisimizi! Wale Wabelgiji walikutwa na sisimizi wapatao 5,000 kwenye mirija midogo, wakilenga soko la wafugaji wa ng'ambo. Sisimizi si ndovu pia.

Kuna sababu ya msingi ya ugumu huo, na sisi Wakenya tunaijua kwa upande wa pili. Kinyonga wetu mwenye pembe tatu, yule unayemkuta kwenye ua la michongoma hapa Nairobi, mwaka 1972 alipelekwa Hawaii kwa mwenye duka la wanyama. Walifika wakiwa wamekonda, yule bwana akawaweka bustanini kwake wapate nguvu. Wakapata nguvu, wakaondoka. Leo wamezaliana visiwani na wanakula konokono na wadudu wa asili ambao hawapatikani kwingine. Hakuna aliyekusudia.

Mjusi-chui naye ana ugonjwa wake wa matumbo, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Cryptosporidium, unaomkausha mkia hadi ukawa kama njiti, na hauna tiba ya kutegemewa. Kenya tuna binamu yake wa karibu, Holodactylus africanus, mjusi mdogo mwenye kope anayeishi kwenye mashimo ya nchi kavu. Sitaki kuwa mtu wa kwanza kuwakutanisha.

Tuache sheria, tuje kwenye stima. Mjusi-chui anahitaji upande mmoja wa tangi lake uwe na joto la nyuzi 31 hadi 33, asipolipata hawezi kumeng'enya alichokula. Wiki ya Julai hapa Mountain View usiku unashuka hadi nyuzi 12 hivi. Kwa hiyo unategemea mkeka wa joto, na mkeka unategemea stima, na stima... nimalize sentensi? Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, hata JKIA ikaingia gizani. Ikapotea tena nchi nzima tarehe 11 Novemba na 10 Desemba mwaka huohuo. Usiku mmoja wa baridi hautamuua mjusi mzima mwenye mkia mnene, hilo nakubali. Lakini Enigma asiyejua kulenga mdudu wake, au Lemon Frost mwenye uvimbe tumboni, huyo hana akiba ya kuvumilia.

Na akiugua utampeleka wapi? Madaktari wa mifugo tunao, wazuri, kwa ng'ombe, mbwa, paka na kuku. Wa kumpasua mjusi wa gramu 60 na kumtoa uvimbe ukiwatafuta utatembea. Chakula tu ndicho ambacho kisingekuwa shida, maana icipe pale Kasarani wamefanya kazi nyingi ya ufugaji wa nyenje na wadudu wengine. Ajabu ya nchi yetu, chakula cha mjusi kimetangulia mjusi.

Najua wapo watakaosema kwamba nimechukua suala la Wazungu na kuwapigia kelele watu wa Kangemi. Sivyo. Nani anayejenga maduka hayo ya mtandaoni? Nani anayeandika vikokotoo, anayesafisha picha ili limau ing'ae zaidi, anayejibu barua pepe za wanunuzi usiku? Sehemu ya kazi hiyo inafanywa hapahapa, kwenye vyumba vya kupanga kama changu, kwa dola chache kwa saa. Mteja akikwambia ufute safu, ni kidole chako kinachobofya. Mwanaprogramu anayeambiwa afiche hitilafu ya programu ya benki anajua anaombwa nini. Huyu wa mijusi anaombwa jambo lilelile, tofauti ni kwamba anayeumia hawezi kupiga simu huduma kwa wateja.

Anayetaka mjusi bila kibali, tangi wala stima, anaye tayari. Mjusi kafiri yuko juu ya taa ya veranda yako saa hii, anakula mbu. Wengi huku bara wanamwogopa bure, na Pwani wapo wanaomwua kwa ile hadithi ya moto wa Nabii Ibrahim. Mimi wa kwangu nawahesabu kila jioni. Jana walikuwa watano. Rangi yao ni ya ukuta.

Kile kikokotoo, kwa kuwa sikulipwa, ni changu. Nimekisafisha, nimeondoa nembo ya yule bwana, nimeandika maelezo kwa Kiswahili, na nimekiweka wazi kwa leseni ya GPL. Kina mofu 23 kwa sasa. Mwenye kukitaka akichukue, akirekebishe, akiuze hata. Leseni inawaruhusu kufuta safu ya nne, siwezi kuwazuia, ila nimeiunganisha na kila kitu kwa makusudi, na mkiifuta asilimia hazitatokea.